Rudisha Ile ya Kwanza

Mwenzangu, uko wapi? Kaka yangu kaumbuka, hata sijui nianzie wapi.

Leo si ndiyo tulikwenda kwa wazazi wa mchumba wake, waione ile filamu yake aliyohangaika kuitengeneza miaka yote, wajue naye ni mtu wa kazi.

Televisheni yao kubwa kama ukuta. Kumbe inajiongezea picha zake katikati ya picha za filamu ili mwendo uwe laini! Filamu nzima ikawa kama taarifa ya habari. Pale mama anapomlilia mtoto, sebule nzima ikacheka. Ikacheka!

Kaka akarukia rimoti. "Filamu ni picha ishirini na nne kwa sekunde, Baba. Zilizobaki televisheni inazitunga yenyewe." Akakizima hicho kitu cha kuongeza picha. Ikarudi vile alivyoipiga.

Mzee akakunja uso. "Mbona sasa inakwamakwama? Rudisha ile ya kwanza."

RUDISHA ILE YA KWANZA. Na kaka akairudisha, kwa mkono wake mwenyewe.

Tukarudi nyumbani. Tulipofika mlangoni akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe ulipenda ipi?"

Nikasema, "Yako."

Akanitazama tu, akaingia ndani. Kule sebuleni aliniona nikicheka.