Shemeji Kaninunia kwa Sababu ya Sifuri

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada kabla ya Jumapili, maana siku hiyo tunakula kwa dada yangu na mumewe hanisemeshi. Shemeji huyu ndiye msimamizi wangu kazini, tunaandika programu inayojifunza kukadiria dozi za vichanga hospitalini, na mimi nilibuni njia ya kukokotoa haraka zaidi, ikabidi safu ya namba zangu ilinganishwe na ile ya njia ya zamani, na yeye alishaweka kipimo cha kuzikagua, kinachoruhusu zipishane kwa sehemu moja ya mia ya gramu, zikapita, skrini ikawaka kijani tupu, watu wakapongezana. Lakini roho yangu ikakataa, kwa sababu dozi zenyewe zote ni ndogo kuliko hiyo sehemu ya mia! Nikajaza sifuri mahali pa majibu yangu yote, kipimo kikasema sawa. Sifuri, Shangazi! Nikakibadilisha kiangalie tofauti kwa kadiri ya ukubwa wa kila namba, kikawaka nyekundu, kumbe njia yangu mwenyewe ilikuwa inawapa vichanga wepesi kabisa dozi maradufu. Nikarekebisha, namba zikakubaliana, nikalia kwa furaha, nikazionyesha zile sifuri kikaoni, wakubwa wakapiga makofi, ila shemeji aliinamia simu yake, na dada anasema nimemvua nguo mumewe, niombe radhi. Niombe?

Mwenye Furaha na Hofu

*

Mwanangu, kwanza nipishe nipige vigelegele! Hongera sana. Kipimo kinachokubali sifuri ni mlinzi anayelala langoni, na wewe umemwamsha. Kwa hilo usimwombe mtu radhi.

Ila na wewe! Ulishindwa nini kumwonyesha shemeji kwanza, mezani kwake, mkiwa wawili? Kosa la dozi lilikuwa lako, kipimo kilikuwa chake. Mngeingia kikaoni pamoja. Ulitaka makofi peke yako, umeyapata, na kununiwa umekupata.

Jumapili nenda. Mwambie mbele ya dada, "Shemeji, ningeanzia kwako, nisamehe." Kwa hilo tu, kwenye kipimo usirudi nyuma hata hatua. Jumatatu kaeni pamoja mpitie vipimo vyenu vyote, kila kimoja mkilishe sifuri kwanza, na kitakachosema sawa mkiandike upya.

Akiendelea kununa, mpakulie chakula, nawe ule ushibe. Kununa kutapita, mwanangu. Vichanga wale watakua.