Paneli za Papa Stanislas

Kasha, Bukavu, 9 Juni 2024

Mwanangu Carine,

Salamu nyingi kutoka huku kilimani. Mzima wewe? Mapacha je, meno yameacha kuwasumbua? Msalimie mume wako. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi hayataki kusikia habari za kupanda.

Najua wenzangu wote wanatuma sauti kwa simu. Mimi nikianza kusema kwenye simu nasahau nilichotaka kusema. Basi naandika kwa mkono, jirani yetu Françoise anapiga picha na kukutumia, na ukijibu yeye ndiye anayenisomea. Kwa hiyo usimseme vibaya humu.

Neno lenyewe ni hili: nimeamua kuuza nyumba. Tangu papa yako Stanislas atutoke naamka peke yangu kwenye vyumba vitatu, na naongea na sufuria. Mama yako mdogo ananiita nihamie kwake Nyangezi. Ana shamba la maharage na ana maneno mengi, na vyote viwili navihitaji.

Nimemchukua Dany, commissionnaire anayetafutia watu wanunuzi. Alipoziona paneli za jua juu ya nyumba alipiga mluzi. «Mama, na hizi panneau sita, nyumba itaenda mbio.» Nimemwamini.

Mama yako, Agathe

Lubumbashi, 12 Juni 2024

Mama mpenzi,

Jambo sana. Sisi wazima, meno yametoka na sasa wanatuuma sisi. Françoise naye jambo, kwa kuwa anasoma. Simsemi vibaya hata kidogo.

Nyumba uiuze, mama. Nimelia kidogo jikoni, lakini uiuze. Nakuomba kitu kimoja tu: Dany akileta watu asianzie na vyumba wala bomba la maji. Aanzie na paneli. Unajua zilivyofika pale juu. Umeme ulikuwa ukikatika, na mashine ya oksijeni ya papa inazimika nao. Mimi nilikuwa nimelazwa na mimba ya mapacha, daktari amenikataza hata kusimama, sembuse kupanda ndege. Sikumuuguza papa, sikumzika. Nilichoweza ni kutuma zile paneli, na papa akapumua nazo hadi mwisho.

Ndiyo maana nataka atakayenunua azipende. Akizipenda, nitajisikia kwamba nami nilikuwapo.

Binti yako, Carine

Kasha, 21 Julai 2024

Mwanangu,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo. Usikasirikie kimya changu, nilikuwa nangoja habari njema nikuandikie, nayo haikuja.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja mwenye suti. Dany alianza na paneli kama ulivyotaka. Mzee akauliza: «Juu ya nini panneau mingi hivi? Courant haifikake huku?» Nikamwambia umeme unakuja na kwenda kama kwingine kote. Aliaga bila kuona jikoni.

Wa pili alikuwa mama mfanyabiashara. Alisema paneli hizo zinaonekana toka ng'ambo ya bonde, na wezi nao wana macho. Kisha akaniuliza kwa kunong'ona kama marehemu alikuwa akichimba dhahabu Shabunda. Papa yako, aliyefundisha katekisimu maisha yake yote! Sikujua nicheke au nimfukuze.

Basi Dany akasema tuzifunike, mtu aingie kwanza, aipende nyumba, halafu tufunue. Akapanda juu na turubai. Wa tatu alipofika hakuvuka hata geti. Aliangalia juu, akauliza: «Inavuya wapi?» Nikasema haivuji. «Sasa bâche ni ya nini, na mvua hakuna?» Dany akajibu eti ni kwa ajili ya vumbi. Vumbi, Carine! Nani amewahi kufunika mabati yasiingie vumbi? Yule bwana aliteremka kilima akicheka peke yake.

Niliona aibu, halafu nikaona uchungu. Nilikificha kitu chako kama doa kwenye kitambaa cha meza. Nimekuambia yote, sikutaka uyasikie kwa mwingine.

Mama yako

Lubumbashi, 23 Julai 2024

Mama,

Sisi wazima. Turubai litoke leo. Afadhali nyumba isiuzwe.

Carine

Kasha, 25 Agosti 2024

Mwanangu Carine,

Salamu kwako na kwa watoto. Turubai lilitoka siku ile ile. Sasa kaa chini, nikusimulie jambo.

Umeme ulikatika mtaa mzima. Unajua inavyokuwa: majirani wanakuja kuchaji simu hapa, wanakaa kwenye viti vyetu uani, taa yetu inawaka, wanaongea polepole wakingoja. Françoise alikuwa ameleta chai. Akaingia mwanaume mmoja, Déogratias, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Kadutu. Dany alimtuma aione nyumba bila kuniarifu. Alipoona watu wamejaa, taa, viti, alivua kofia. Akatusalimia kwa mkono mmoja mmoja, kichwa chini, akakaa. Alikaa muda mrefu hivyo. Mwishowe akamwinamia Françoise: «Mama, nani alikufa?»

«Hakuna mutu alikufa, papa. Tuko tunachaji telefone.»

Ua wote ulicheka, naye akacheka. Mimi nilicheka mpaka machozi, mara ya kwanza tangu tumzike papa yako. Kisha akauliza habari za paneli na nikamweleza yote, hata mashine. Kofia ilikuwa imesharudi kichwani. Aliivua tena.

Jumapili akaja na mke wake, Tatiana. Mke ndiye aliyepita kila chumba, akagusa kuta, akafungua bomba. Akaniambia: «Mama, nyumba iko muzuri, minaipenda. Lakini hizi panneau zitanigombanisha na batu. Weye unabapatia courant. Mi nikibakatalia, nitaitwa mubaya siku ya kwanza. Nikibaachilia, sitapata nyumba yangu. Muzitoe, tutanunua.»

Nilikasirika sana. Nikachemsha chai, nikanywa, nikaona anasema kweli. Mimi sijamkatalia mtu kwa sababu hao hao ndio waliokuwa wakimgeuza papa yako kitandani na kunibebea maji. Tatiana hayajui hayo, na si kosa lake. Dany alidhani wanunuzi watahesabu taa, kumbe mwanamke huyu alihesabu watu.

Wanaitaka nyumba bila paneli. Ni watu wazuri. Lakini ni zako, mwanangu. Sitagusa hata msumari bila neno lako.

Mama yako

Kasha, 22 Septemba 2024

Carine wangu,

Mapacha hawajambo? Françoise anaangalia simu yake asubuhi na jioni. Anasema barua yangu umeisoma, alama zimegeuka bluu.

Tatiana anangoja bado, ila wanaonyeshwa nyumba nyingine. Mvua imeanza. Juzi bomba lilikauka, niliteleza na ndoo pale njia inapokata kona, nikaumia nyonga kidogo, natembea. Sikuandikii ili nikusukume. Ukikataa, kataa, nitakaa. Kimya chako tu ndicho kinachonishinda.

Mama yako

Lubumbashi, 27 Septemba 2024

Mama mpenzi,

Pole sana kwa kuanguka. Acha ndoo kabisa, mtu mwingine akuchotee. Sisi ni wazima.

Nisamehe kimya. Nilikuwa naandika na kufuta. Niliona zikishuka hakutabaki kitu cha kuonyesha kwamba nilimsaidia papa. Nilimwuliza mume wangu kama nimepata wazimu. Akasema hapana, ila sijamlilia papa bado. Nikalia hapo hapo, mama, mbele ya watoto, nao wakalia kwa kuniona.

Mwambie Tatiana ndiyo. Paneli zipande kwa Françoise, majirani wanaijua njia ya kwake pia. Françoise, najua unasoma hapa na unataka kukataa. Usikatae, na usilie kwanza. Msomee mama hadi mwisho.

Fundi wa kuzishusha msimwite kwanza. Nimepata nafasi kwenye ndege ya wiki ijayo, naja na mapacha. Nataka kulala katika chumba cha papa kabla nyumba haijawa ya watu wengine.

Nikifika usinipikie, mama, wala usinionyeshe nyumba. Nipeleke kaburini kwa papa.

Binti yako