Adhabu ya Kubeba Tofali

Makwale, Alhamisi

Bado neno lile linanirudia. Leo padri wa nidhamu wa shule tunakofanya kibarua alituletea vijana waliofeli jaribio la hesabu, watusaidie kubeba matofali ya bweni lao jipya. Akawaambia mbele yetu, "Msiposoma, kazi yenu ndiyo hii."

Mmoja wao akanisogelea, tofali kichwani. "Shikamoo, baba. Wewe ulifeli somo gani?"

Wenzake wakacheka. Hakuwa na ubaya.

"Sikufeli," nikamjibu. "Niliishia kidato cha pili, mzee alipofariki."

 Tofali lilikuwa linamuumiza, nikampa ngata yangu aiweke kichwani.

"Ndaga, baba," akasema. Huku ndivyo wanavyoshukuru.

Jioni mke wangu akapiga simu kutoka Manyoni. Mtoto wetu hataki tena shule, anasema hesabu zimemshinda. "Ongea naye, wewe anakusikia," akasema, akampa simu.

Siku zote huwa namwambia kwamba asiposoma atabeba tofali kama mimi. Leo nilimsikia anapumua kwenye simu, anangoja nianze. Nikamuuliza tu kama amekula.

Akasema amekula. Halafu simu ikakatika, na sijui kesho nimwambie nini.