Kura ya Baba Haijafunguliwa

Nyumba Na. 418, Njia ya Kanisani,
Stenrud, Wisconsin.
Jumatatu, 9 Januari 2023

Mpendwa Shangazi Verna,

Shikamoo. Natumaini nyonga yako mpya imekubali kazi, na kwamba jua la Arizona linakutunza. Sisi huku theluji imefika madirishani. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, na mwaka mpya umenikuta na paka na redio, wala sikulalamika.

Najua uliumia kutokuja kumzika kaka yako. Usijilaumu, daktari ndiye aliyekukataza ndege. Alizikwa vizuri, watu walijaa, na kahawa ya kanisani ilikuwa mbaya kama siku zote.

Habari za uchaguzi umeshazisikia kwa Duane. Mdogo wangu huyo hajawahi kukosa salio la simu akitaka kuonewa huruma. Sasa sikia na upande wangu.

Unakumbuka aligombea kiti cha Bunge la jimbo, yeye na Marlys Kubiak, yule dereva wa basi la shule. Baba alikuwa hawezi tena kutoka kitandani, nikamwombea karatasi ya kura ya posta. Kwetu anayepigia kura nyumbani lazima awe na shahidi wa kutia sahihi juu ya bahasha, na shahidi nilikuwa mimi, kwa sababu Duane hakuwa na nafasi. Alikuja mara moja tu, mwezi wa kumi, na mpiga picha nyuma yake. Akamshika Baba mkono mpaka picha ikatoka, akauachia, akaenda zake. Picha hiyo ikagawiwa nyumba kwa nyumba, hata mimi nililetewa.

Baba akafariki Jumamosi, siku tatu kabla ya uchaguzi. Nilimpigia Duane huku nalia, na jibu lake nitakwenda nalo kaburini.

"Usimwambie mtu mpaka Jumatano, dada. Kura yake ishatumwa. Mzee hana haraka tena."

Sheria ya jimbo letu inasema aliyekufa kabla ya siku ya uchaguzi kura yake haihesabiwi, hata kama aliitia sahihi akiwa na akili zake timamu. Duane aliijua vizuri. Akamkataza mwenye mochwari asitoe tangazo gazetini, na Baba akakaa kwenye jokofu siku nne kama nyama ya kulungu.

Jumanne nikakaa mezani pangu, karani wa kura niliyeapishwa, katika ukumbi wa zimamoto, kama nilivyokaa kila uchaguzi kwa miaka kumi na tisa. Kura za posta tunazifungua mbele ya watu, na kabla ya kuchana bahasha tunasoma jina na anwani kwa sauti, mwenye pingamizi aseme. Arlene Pfaff, mkubwa wetu wa kituo, akainua bahasha akasoma, "Orrin Tveit, mia nne kumi na nane, Njia ya Kanisani." Akanigeukia anatabasamu. "Mzee wetu anaendeleaje?"

Ningeweza kunyamaza, Shangazi. Nikasema, "Amefariki Jumamosi."

Arlene alijifuta machozi, kisha akaandika juu ya bahasha kwa wino mwekundu, IMEKATALIWA, akaiweka kando bila kuifungua.

Kura za wilaya zote zilipojumlishwa, Duane na Marlys walikuwa wamefungana, 11,306 kila mmoja. Zikahesabiwa upya, zikabaki vilevile. Sheria inasema sare huamuliwa kwa kura ya bahati, basi majina mawili yakaandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa katika bakuli la bisi, na jina lililotoka lilikuwa la Marlys. Duane hakumpa hata mkono. Alikuja moja kwa moja niliposimama, nimemshikia koti lake.

"Kura moja, Janelle. Moja! Ya baba yangu mzazi. Umemuua mara ya pili."

Tangu hapo sina pa kuficha uso. Nikiingia mkahawani kula samaki wa Ijumaa, Duane anapaza sauti, "Jamani, pumueni kwa nguvu, Janelle asije akawafuta kwenye daftari!" Nao wanacheka, watu niliowapikia walipofiwa. Sikukuu ya Shukrani nilikwenda kwake na pai ya malenge. Nikakuta sahani yangu imetengwa gereji, juu ya jokofu la chambo cha kuvulia, imeandikwa kwa wino mwekundu: IMEKATALIWA. Mkewe Tammy ananipiga video, watoto wanajishika mbavu. Nilikula palepale, nimesimama. Bata mzinga mwenyewe alikuwa mkavu.

Kabla ardhi haijaganda akaweka jiwe la kaburi bila kuniuliza. Jina la Baba, miaka yake, na chini yake: KURA YAKE YA MWISHO ALIMPA MWANAWE.

Sasa nakwambia jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua. Mikono ya Baba ilikuwa inatetemeka, akaniomba nimshikie karatasi isicheze, kwa hiyo niliona alipoweka alama. Nikadhani amekosea.

"Baba, hapo ni kwa Marlys."

"Kusoma najua," akanijibu. "Ghala langu Duane amelipaka rangi upande mmoja tangu mwaka tisini na nane, na kila mwaka ananiambia anakuja kumalizia. Ndiyo nimpe jimbo?" Akacheka mpaka akakohoa. "Usimwambie mtu. Nikishaondoka mwambie Verna tu, atacheka."

Kwa hiyo ningenyamaza pale ukumbini, Duane angeshindwa kwa kura moja siku ileile. Mdomo wangu ndio uliompa ile bahati ya bakuli. Nilisema kwa ajili ya kiapo, ndiyo, lakini sikufichi, nilimhurumia pia. Mjinga mimi.

Duane amekwenda mahakamani kudai bahasha ifunguliwe, watu waone kura ilikuwa yake, na jaji amemkubalia. Itafunguliwa keshokutwa Alhamisi— la, nakosea kwa papara, leo ni Jumatatu. Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, mbele ya waandishi aliowaita mwenyewe. Kabla ya Krismasi nilimpigia nikamwambia, "Duane, nakuomba, iache hiyo bahasha."

"Unaogopa, eeh? Ulidhani mzee atanyamaza milele?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimweleze. Nikamsikia Tammy anauliza ni nani, naye akamjibu, "Si ile kura iliyoharibika." Wakaangua kicheko wote wawili, nikakata simu.

Nimeshapiga pasi gauni langu la bluu. Nitakaa kiti cha mbele, ninapoweza kumwona usoni. Na lile jiwe la kaburi ni la matale, gumu kama chuma, maandishi yake hayafutiki.

Nisalimie Mjomba Gordon, na binamu Lorna na wanawe. Mungu akupe hatua imara na akuondolee maumivu.

Najua ungeisoma hii mapema ungempigia Duane dakika hiyohiyo, kwa kuwa ulimlea akiwa mdogo na bado unamwita mtoto. Ndiyo maana sikukupigia simu. Posta ya hapa hadi kwako huchukua siku nne, nimeulizia mara mbili dirishani. Utaisoma Ijumaa, na wewe unajua kura iliyochelewa hufanywaje.

Kwa hiyo cheka tu, Shangazi. Baba alitaka ucheke.

Mwanao wa kwa kaka yako, anayekupenda bado,
Janelle