Baba Hajapungua

Jumatano, Geita

Wiki nzima nilikuwa na hofu na sikumwambia mtu. Kila nilipomtoa Baba kitandani kumweka kwenye kiti cha magurudumu, nilimwona mwepesi. Tangu kifusi kimwangukie duarani, ndani ya shimo la machimbo, akichimba dhahabu, miguu yake haifanyi kazi. Nikajua sasa mwili nao unaisha. Nikawa namlazimisha maziwa mgando, naye analalamika.

Leo kliniki nesi aliniambia nipande mzani nimembeba, kisha nipande peke yangu. Akatoa uzito wangu kwenye ule wa wote wawili.

"Dada, baba yako ameongezeka."

"Haiwezekani. Mimi ndiye ninayembeba, naona anavyopungua."

Tukapima tena. Ameongezeka kweli.

Baba akacheka hadi akakohoa. "Mwanangu, si wewe unayekwenda jimu kugombana na simu?"

Ni kweli tunagombana. Ile programu ya mazoezi, nikimaliza seti zote vizuri, safari inayofuata inaniongezea yenyewe uzito wa vyuma vya kunyanyua, kidogo tu. Nikishindwa, inanipunguzia. Jana ilinipunguzia, nikaitukana mbele za watu. Kumbe miezi yote hii imekuwa ikiniongezea nguvu bila mimi kuhisi, na mimi namlilia Baba bure.

Bado nauwazia mgongo wangu. Nikiumwa mimi, nani atamnyanyua?

Lakini jioni nilipomrudisha kitandani, alinishika shingoni, akaniangalia.

"Leo hukuguna," akasema.

Asante, Mungu. Baba ananenepa, na bado ninamweza.