Mungu Mvurugaji na Mtani Wetu Kondo

Kambini, Geita
Mwezi wa Agosti

Dada yangu mpendwa Kabula,

Shikamoo. Najua kabla hujaifungua barua hii utakuwa umemwuliza aliyeileta kama amekula. Basi nami nianze na wewe: mgongo unaendeleaje? Yale maumivu ya wakati wa kuchuma pamba yamepungua? Na mwanangu Mbuke, bado anakataa kulala bila ile shuka ya mama yake? Mimi mwili ni mzima. Kikohozi cha vumbi kilinishika mwezi uliopita kikaniachia chenyewe. Samaki ninakula mpaka nawachoka, maana kuna mama mmoja anatuletea sato kutoka Nkome, wabichi kabisa, na kila akifika ananiambia nimekonda.

Barua yako niliipata kwa mkono wa dereva wa lori la Kahama. Nimeisoma nikairudia. Umeniuliza jambo moja, nami nimechelewa kujibu kwa sababu jibu sikuwa nalo. Umesema tanga la marehemu mke wangu Holo litaanuliwa pamba ikishauzwa, ukoo umekubaliana, pombe itapikwa, ila baba mkwe wangu, Mzee Jilala, ameapa kwamba Kondo hatakanyaga pale. Wazee wa upande wetu nao wanasema tanga lililoanuliwa bila mtani bado liko palepale. Wamebishana mpaka wamechoka, wakasema basi aulizwe mume wa marehemu. Aje au asije?

Nitakujibu, dada. Lakini nivumilie nikupitishe njia niliyopita mwenyewe, maana jibu nimelipata mahali pa ajabu, kwenye mchezo wa wazungu.

Unajua kazi yangu hapa ni kupika. Mabwana zangu wanatafuta dhahabu kwa kutoboa ardhi na mashine, na jiwe linatoka chini likiwa limechongeka mviringo kama mwichi. Wanalipanga kwenye masanduku, wanalitazama kwa kioo, wengine wanalilamba. Usicheke, nimewaona kwa macho yangu. Mkubwa wao ni Martin, Mwaustralia mrefu ambaye pua yake inabambuka ngozi kila wiki kwa jua. Yupo mama mmoja wa Kizungu anaitwa Ingrid, na yupo Justine, kijana wa Kihaya aliyetoka chuo kikuu, ambaye ndiye ananitafsiria.

Jumapili mashine zinalala. Wakishakula mchana wanafuta meza yangu, wanatandaza karatasi kubwa yenye ramani ya nchi ambayo haipo. Mito ipo, milima ipo, miji ina majina, lakini nchi yenyewe wameitunga. Kila mmoja anajifanya mtu wa nchi hiyo. Justine ni mganga mzee, Ingrid ni mpiga upinde. Martin ndiye msimulizi: anawaambia mmefika mtoni, daraja limeoza, mnafanyaje? Nao wanajibu, halafu wanarusha dadu kuona kama walilolisema litafanikiwa. Dadu zao si kama za vijana wa stendi. Zina nyuso nyingi, moja ni kama jiwe la almasi lililokatwa, ungeiona huko Maganzo kwenye machimbo ungeificha mfukoni.

Mwanzoni nilikuwa nawapelekea chai na kuondoka. Siku hizi ninabaki nimesimama na birika mkononi mpaka chai inapoa. Kinachonishika ni miungu yao. Nchi ile ina mungu wa chuma, mungu wa nafaka, mungu wa mipaka ya mashamba, kila mmoja na kazi yake. Nilimwuliza Justine kama hiyo ni ibada, maana mimi ni mtu niliyebatizwa na sitaki kuchemshia mizimu ya watu chai. Akaniambia, "Baba Mbuke, hakuna anayeiamini. Ni hadithi tu, ila tunaitunga tukiwa tumo ndani yake."

Kati ya miungu hiyo yupo mmoja asiye na kazi. Jina lake la kwao linanishinda, Justine anamwita Mvurugaji. Huyo, dada, ni balaa. Jeshi likilala anabadilisha viatu vya askari, asubuhi kila mmoja ana kiatu cha mwenzake. Alimfundisha mbuzi kusema, mbuzi akaenda kutangaza sokoni siri za mfalme. Anawadanganya hata miungu wenzake, wakigombana yeye anakaa pembeni anakula karanga. Lakini lile jeshi la viatu lilichelewa kuondoka, na kwa kuchelewa halikuwa juu ya daraja lilipoanguka. Nikamwuliza Martin: alijua kwamba daraja litaanguka? Martin akacheka, akasema hajui, na hata yeye anayesimulia hajui. Anarusha dadu tu.

Jambo hilo lilinikaa kichwani siku kadhaa, nikikanda unga naliwaza. Nikamwuliza tena, kwa nini msimtoe, mchezo ukaenda vizuri? Akasema walijaribu, wakati wa mvua, walipokuwa wamefungiwa kambini. Wakacheza bila yeye. Kila mungu akakaa mahali pake, kila mtu akafanya linalompasa, na Ingrid akasinzia mezani. Wakamrudisha.

Sasa sikiliza. Katika safari yao walikuwa na mwenzao, askari mzee mwenye kigugumizi. Justine ndiye aliyempenda zaidi, maana mganga wake na yule askari walikuwa pamoja tangu mwanzo. Jumapili moja dadu ikaanguka vibaya, askari akauawa na mnyama. Justine hakula chakula cha jioni. Madereva walimsumbua wiki nzima, wakimwambia msomi ameweka msiba wa mtu wa karatasi, wakamletea hata rambirambi ya nusu sigara. Alitabasamu, lakini mimi ndiye niliyekuwa narudisha sahani zake zimejaa.

Jumapili iliyofuata walipaswa kumzika. Ingrid alikuwa na malaria, kwa hiyo walibaki wawili, na wawili hawatoshi. Martin akaniita niketi. Akasema leo Mvurugaji ni wewe. Nilikataa. Mtu anayenijua, nikamwambia Justine, anajua kwamba sijawahi kuvuruga hata foleni ya kisimani. Justine akanivutia kiti, akasema, "Kaa tu, ukishindwa utanyamaza."

Martin akaanza kusimulia maziko. Alisimulia vizuri, kwa sauti ya chini: wamechimba chini ya mlima, upepo unavuma, watu wa kijiji wamesimama kimya. Justine alikuwa anaitazama ramani bila kuinua macho. Kisha wakanigeukia. Mvurugaji anafanya nini?

Sikufikiri, dada. Maneno yalitoka yenyewe. Nilisema Mvurugaji ametangulia kaburini, amelala chali, ameweka mikono chini ya kichwa, na anawaambia, "Kitanda hiki ni changu. Huyo mwenye kigugumizi mpelekeni kwingine, mpaka amalize kubisha hodi mimi nitakuwa nimeshaamka."

Justine alianza kumtafsiria Martin, akashindwa kumaliza. Alicheka mpaka akashika meza, halafu akajifunika uso kwa kofia, mabega yakaendelea kutikisika, na hapo sikujua tena kama ni kicheko. Tulimwacha. Alipotoa kofia aliomba chai na mkate, akaula wote.

Martin akaniuliza nimeyasoma wapi hayo. Nikamwambia sikuyasoma, niliyaona kwenye kaburi la mke wangu. Akaweka dadu chini. Nikawaeleza kwamba sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, kwamba mtani msibani ana ruhusa ya kufanya yale ambayo mwingine angepigwa, na hakuna wa kumkasirikia. Nikawaeleza habari za Kondo, Mzaramo wetu wa Maganzo, anayesuka chekeche za wachekecha almasi. Jinsi alivyofika na baiskeli yake, akashuka kaburini akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na alipopewa akasema jogoo huyo ni mwembamba kama waliomleta.

Hapo hata Mzee Jilala alikuwa amevumilia, unakumbuka. Lililomshinda ni lile la baadaye. Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba na wapishi, kwa hiyo nikueleze nami niliyesimama mbele. Kondo aliingia ndani, akatoka amejifunga khanga ya Holo na kitambaa chake kichwani, akasimama kwenye mlango wa jikoni akaniita. Holo, unajua, hakuwa anapenda kuita mbele ya wageni. Alikuwa anakohoa kwanza, kikohozi kidogo cha aibu, ndipo anasema, "Baba Mbuke, ugali hauna miguu," na lile neno la mwisho analipandisha juu kama swali. Kondo alikohoa. Kisha akasema. Wanawake walicheka huku wakilia, na Mzee Jilala akanyanyua fimbo, akamfukuza hadi barabarani, na khanga ikabaki kwenye miiba ya katani. Mimi nilisimama tu.

Sasa pale mezani nilitaka Martin na Justine waisikie jinsi ilivyokuwa. Nikakohoa kile kikohozi. Hakikutoka sawa. Nikajaribu tena, nikasema na maneno yake, lakini ilikuwa sauti yangu mimi, mwanamume wa Kisukuma aliyeshiba. Nikajaribu mara nyingine, mpaka nikaona nimeanza kuipoteza hata ile niliyokuwa nayo kichwani. Dada, picha ya Holo ninayo, ile aliyopigwa Shinyanga mjini amekaza shingo. Sauti yake hatukuwahi kuiweka kwenye kaseti. Nani angefikiria?

Kondo anayo. Anayo yote, na kikohozi chake. Aliipataje? Nikakumbuka alivyokuwa akipita kwetu jioni akitoka kwenye mashimo ya almasi, Holo akimwambia hapa hakuna nazi pita zako, naye akijibu kwamba amekuja kuwafundisha Wasukuma kunawa, kisha anakula mpaka sufuria inakwanguliwa. Mimi nilidhani wanapiga kelele tu. Kumbe mtu alikuwa anasikiliza.

Martin aliniuliza swali moja tu: huyo Kondo mwenyewe, alilia lini? Wewe umeandika kwamba siku hizi akifika karibu na kwetu anashuka kwenye baiskeli, anaikokota kupitia shambani ili asionekane barabarani. Nadhani hilo ndilo jibu, lakini kwa Kizungu ningelisemaje.

Basi jibu langu ni hili: Kondo aje. Avae khanga ya Holo, ile uliyoitoa kwenye katani ukaifua, na aniite nikale. Sikuomba lile mara ya kwanza, sasa naomba. Mbuke siku ile alikuwa amepelekwa kwa jirani, hakusikia. Yeye ndiye anayesahau haraka kuliko sisi sote, kwa umri wake. Mweke mbele.

Kuhusu Mzee Jilala, sitaki ashindwe. Yule ni baba aliyezika mtoto wake, na kumsikia mtoto wako kwenye kinywa cha mtu mwingine si jambo dogo. Nakuomba umtume baba mdogo Luhende, anajua kuzungumza naye, afike kwa adabu na kumwambia ombi ni langu mimi mkwe wake, si la wazee wala la Kondo. Akikataa kuona, na akae ndani ya nyumba wakati huo, hakuna atakayemlaumu. Nadhani atasikiliza kutoka ndani. Na wewe mwenyewe, tafadhali, nenda Maganzo umwambie Kondo kwa mdomo wako, usimtume mtu. Akikutukana, ujue amekubali.

Martin amenipa ruhusa. Nitakuja na lori mpaka Kahama, nipande basi hapo. Nakuletea dagaa, na Mbuke nimemnunulia viatu, ingawa sijui mguu wake umefika wapi.

Unisalimie shemeji yangu, mumeo, umwambie redio yake bado sijapata fundi. Nisalimie mama mkwe, umpe shikamoo yangu ukiwa umepiga goti kwa niaba yangu. Nisalimie jirani yetu Mama Doto aliyemlea Mbuke siku zile za msiba, asante, wabeja sana kwake. Nisalimie na mwalimu wa katekesi, ila habari za miungu usimguse nazo.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni kimoja. Mtani akikuvurugia, nawe lazima umrudishie, vinginevyo unamwacha peke yake uwanjani kama tulivyomwacha siku ile. Na mimi sijui kutania, kazi hiyo nyumbani ilikuwa ya Holo. Nimekuwa nikijaribu huku nikimenya viazi. Mpaka leo ninalo moja: Mzaramo akipewa ng'ombe atampanda juu amwangue maziwa. Justine amesema si baya, ila nilisema kwa upole mno, kama ninamwombea. Nitaendelea kujifunza njiani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Maige, Baba Mbuke