Meza Yako Imehama Mjini kwa Miguu

Mzee wangu Wafula,

Ni mimi Barasa, mwanafunzi wako wa useremala. Kaa vizuri huko uliko, maana nina habari nzito. Karakana imehama.

Najua, najua. Uliniapisha ukiwa kitandani kwamba haitatoka River Road, pale katikati ya mji. Lakini Mzee, nauli ya treni imepanda tena. Behewa letu la daraja la tatu, ulimokuwa ukiimba kila asubuhi kutoka kwetu Dagoretti mpaka Mama Nafula wa kiti cha nyuma anakwambia, "Mzee, wacha tulale kidogo," sasa lina viti vitupu. Watu wanatembea kando ya reli, alfajiri kwenda, jioni kurudi. Nami nilitembea miezi mitatu. Nilifika kazini miguu imevimba, sina nguvu ya kusukuma randa, na kazi za wateja zikalala. Ama nifunge kabisa, ama nivunje neno langu. Nililia, sikufichi.

Nikakodi chumba Dagoretti, karibu na stesheni. Ikabaki meza yako ya kazi, ile ya mvule. Gharama ya kuipakia kwenye treni ilinichekesha tu. Jumamosi, wenzetu wa behewa wakatokea karakana bila kuitwa. "Hii meza ya mzee hatuwezi wacha hapa," akasema Otieno, yule mpishi wa hoteli. Watu wanane wakaibeba, wakipokezana mabegani, wakaimba nyimbo zako zote kando ya reli. Treni ikatupita Kibera, abiria wakatupungia mikono. Sijafurahi vile tangu tukuzike.

Tukafika mlangoni. Meza haipiti. Mimi, fundi uliyenifundisha wewe, sikuupima mlango. Ungenicheka mpaka ukohoe.

Basi ipo nje, chini ya mabati, na wanaorudi jioni husimama hapo kupumzisha miguu. Wanapapasa mbao, wanauliza, wanaagiza. Nina vitanda viwili, kabati moja na madawati ya shule, Mzee, madawati ya shule nzima.

Nisamehe kiapo kile. Nakupa kingine: jina lako nimelichonga juu ya mlango, na halitashuka nikiwa hai. Jana mteja alilisoma, akauliza, "Huyu Wafula yuko?" Nilishajibu yuko kabla sijakumbuka.

Lala salama, Mzee.

Barasa wako